Siti ya baiskeli ikae kwa kipimo cha mguu

Mhariri,

Wengi wanaopandisha kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini kwa baiskeli hulalamikia magoti, na lawama hutupiwa mlima. Mara nyingi kosa ni siti iliyoshushwa mno ili miguu yote miwili ikanyage chini wakati wa kusimama.

Egemea ukuta, kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kisha rudisha unyayo mahali pake, ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole ikae juu ya ekseli ya pedali. Goti litabaki limekunjika nyuzi 25 hadi 35. Ukiumia mbele ya goti, pandisha siti. Ukiumia nyuma yake, ishushe. Sogeza milimita 5 tu, uendeshe siku kadhaa kabla ya kuigusa tena. Bomba la siti lisivutwe kupita alama yake ya mwisho, kwani fremu hupasuka.

Mwenye nyayo zinazotazama nje kidogo asizilazimishe kunyooka. Goti ndilo litakalosokoteka.

Ndugu mafundi, pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Ikilazimishwa kinyume, hesi za krenki, yaani mkono unaoshika pedali, zinalika, pedali inakaa mshazari na mguu unapinda kila mzunguko. Tena, mpimeni mteja akiwa ameketi juu ya siti, na viatu anavyoendeshea.

Mpanda baiskeli,
Iringa