Rubani akichoka ndege haipai, nesi akichoka anaongezewa zamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme hili maana limenikaa kooni siku nyingi. Kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakitoka huku kwetu Tanga maneno ni yale yale, mtoto akasomee nini, na siku hizi naona urubani umeingia sana midomoni mwa watu, nadhani ni kwa sababu tunaona midege mipya ya serikali kwenye TV halafu na chuo cha usafirishaji cha NIT nacho kimeingia kwenye kufundisha marubani. Mtu akitaja unesi mezani wanamkatisha, ati unesi ni wito, urubani ndio kazi ya hela. Hayo maneno ndio nataka kuyajibu, na nina haki ya kuyajibu kwa sababu kazi zote mbili zinalala nyumbani kwangu. Binti yangu ni nesi kwenye hospitali moja ya mkoa huu, sitaitaja, na mtoto wa mdogo wangu ni rubani wa ndege ndogo hizi za Caravan zinazotua hapa uwanjani kwetu zikitokea Unguja na Pemba, akiwa na nafasi anakuja kula kwangu Makorora.

Nianze na pesa kwa sababu najua ndio wengi wanasomea hapo. Hakuna ubishi, kapteni wa ndege kubwa anamzidi nesi mara nyingi sana, tusidanganyane. Lakini watu wanamuona kapteni ameshafika, hawaoni njia aliyopita. Leseni ya kwanza kabisa ambayo haikuruhusu hata kumbeba abiria wa kulipa inataka kama masaa 40 angani, ya biashara inazunguka kwenye 200, na ile ya juu ya kuwa kapteni wa ndege kubwa ni masaa 1500, na kila saa ya mafunzo inalipiwa mafuta na ndege na mwalimu. Mdogo wangu na mumewe waliuza kiwanja cha Pongwe na bado wakakopa, kijana akaenda nje, amerudi na leseni mkononi akakaa nyumbani bila kazi kwa sababu kila kampuni inataka mtu mwenye masaa mengi na masaa huyapati bila kazi. Alipopata hiyo kazi ya ndege ndogo hakuanza na mamilioni mnayoyasikia. Anarusha peke yake, anapima mizigo, anapakia mwenyewe, anawapanga abiria kwa uzito, wengine wanagomba kwa nini mimi nakaa nyuma, anapaa anatua anapaa tena siku nzima kwenye joto la pwani, akienda Saadani anachungulia kwanza kama kuna mnyama kwenye njia ya kutulia.

Na kuna hii ya medikali. Kila mwaka lazima apimwe macho, moyo, sukari, presha, masikio, na akivuka miaka 40 kwa kazi kama yake ya kubeba abiria peke yake inakuwa kila miezi sita. Nesi akipata presha anameza dawa anaendelea na kazi. Rubani siku daktari akikataa kusaini basi, kiwanja cha wazazi kimekwenda, mkopo upo pale pale na kazi hana. Kwa hiyo mzazi anayeuza mali akidhani ananunua utajiri ajue na hilo.

Sasa unesi. Mwaka 2025 Mei Mosi pale Singida Rais alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka 370,000 mpaka 500,000 na tulishangilia wote, nesi wa diploma yeye yuko juu ya hapo, lakini tazameni slipu ya mshahara jamani. Asilimia 5 mfuko wa pensheni wa PSSSF, asilimia 3 bima ya afya, kodi, chama, na kama alisoma digrii kwa mkopo bodi ya mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara. Kinachobaki ndio nauli, kodi ya chumba, na kutuma nyumbani, na sisi watu wa pwani mnatujua, ndugu ni wengi. Halafu kuna posho ya sare, kuna pesa za kuitwa kazini usiku, zipo kwenye maandishi lakini zinakuja kwa malimbikizo, watu wanadai mpaka wanahamishwa kituo na deni linabaki kule walikotoka.

Mpaka hapo mtaona nimelinganisha hela na hela kama wanavyofanya wengine. Lakini kilichonifanya nishike simu niandike sio hela.

Siku moja huyu kijana alikuwa kwangu mchana kweupe amejilaza kwenye mkeka, nikamuuliza leo vipi, mbona hujaenda. Akanijibu, "Mamkubwa leo siruki, masaa yangu yamefika, wakinipangia wanavunja sheria." Hajaumwa, hajagombana na mtu, masaa tu. Nikamuuliza na kama abiria wapo? Akasema atarusha mwenzake wa akiba, yupo mtu analipwa akae tayari kwa ajili ya hiyo, na hata kama masaa hayajafika lakini mwenyewe anajiona amechoka anatakiwa aseme, sio hiari yake kunyamaza. Mamlaka ya Usafiri wa Anga wanakagua vitabu, kila saa aliyoruka imeandikwa, kuna kikomo cha siku, cha mwezi, cha mwaka, na muda wa kupumzika kabla ya kurudi kazini nao umewekwa.

Jioni ile ile binti yangu akapiga simu, ameingia kazini tangu jana yake jioni. "Mama leo tena sirudi, wa kunipokea hajaja." Basi. Hakuna mtu wa akiba, hakuna kitabu cha masaa cha kukaguliwa na mtu wa nje, kuna wodi ya wazazi na yeye na muhudumu mmoja. Alikuja kesho yake akakaa kwenye kibaraza kuvua viatu, soksi zimemchora alama miguuni mpaka huku juu, nikaenda kumtengea chai, kurudi amelala pale pale ameegemea ukuta na kitambulisho shingoni, kiatu kimoja bado hajavua. Nikamuamsha ale, ananieleza usiku walikuwa na wazazi watatu wamefika pamoja, mmoja anatoka damu, yeye anahesabu matone ya dripu huku anamsikiliza mtoto wa mwingine kwa kile kipaza cha mbao tumboni, na nje ndugu wanagonga mlango wanamwita mkali, hana utu, ana lugha mbaya. Mtu hajakaa chini tangu jana halafu tunataka atabasamu.

Sijasema kuwe na ruhusa ya kutukana wagonjwa, nimeuguza na mimi, najua inavyouma kujibiwa ovyo. Ila nauliza, hivi hatujui kwamba mtu aliyechoka anakosea? Tunajua. Ndio maana kwenye ndege tumeweka sheria.

Na wala sheria za anga hazikushuka tu, watu walikufa kwanza. Mwaka 2009 kule Marekani karibu na Buffalo ndege ya abiria ilianguka usiku wakafa watu 50, mmoja wao alikuwa nyumbani kwake chini. Uchunguzi ulisema kosa kubwa ni kapteni alivyoitikia vibaya ndege ilipokuwa inapoteza mwendo, lakini likaibuka na lingine, kumbe rubani msaidizi mshahara wake ulikuwa mdogo hata anaishi kwa wazazi wake upande wa Seattle, na usiku wa kuamkia kazi alikuwa anasafiri kuvuka nchi nzima ili afike kituoni kwake upande wa New York. Familia za marehemu hazikukubali yaishe hivyo, walikwenda bungeni kwao tena na tena mpaka sheria za mapumziko ya marubani zikaandikwa upya. Ona sasa, hata huko urubani ulikuwa unalipwa kidogo na watu wanachoka, kilichobadilisha ni kwamba waliokufa walikufa pamoja, usiku mmoja, na kuna kisanduku cheusi kinachoeleza kilichotokea.

Kwenye wodi watu hawafi 50 usiku mmoja. Anakufa huyu leo, mtoto wa yule wiki ijayo, tunasema kazi ya Mungu, tunazika, na hakuna kisanduku cha kutuambia nesi alikuwa zamu saa ya ngapi.

Wapo watakaosema ah, rubani yuko hatarini zaidi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliingia ziwani pale Bukoba, walikuwemo watu 43 wakafa 19, na marubani wote wawili wakiwemo, Mungu awarehemu. Nchi nzima tulilia, mdogo wangu hakulala wiki ile. Haikupita nusu mwaka, Machi 2023, mkoa huo huo wa Kagera ukapata Marburg, ule ugonjwa wa virusi unaoua, na kati ya waliofariki alikuwemo mhudumu wa afya. Huyo nani anamkumbuka? Na hapo sijasema sindano. Binti yangu alishachomwa na sindano ya mgonjwa akimkimbilia mwingine, akaanzishiwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi siku 28, zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72, tapika, kizunguzungu, na kazini anakwenda hivyo hivyo kwa sababu wa kushika nafasi yake hamna. Mwezi mzima tulikuwa hatuongei sana humu ndani tunasubiri kipimo. Kikatoka salama alhamdulillahi, ila hakuna senti iliyoongezeka kwa lile.

Mtaniambia nesi naye ana sheria. Ndio anayo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa 45 kwa wiki, tisa kwa siku, mapumziko ya masaa 12 kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na anayefanya kazi usiku aongezewe asilimia 5. Nimesomewa yote na kijana wa jirani anayesomea sheria. Tofauti ni moja tu, rubani akivuka masaa kuna mlango unaofungwa, ndege haiondoki, kampuni inaweza kuingia matatani na leseni yake mwenyewe pia. Nesi akivuka hakuna kinachofungwa popote. Wodi inaendelea, mganga mkuu anamshukuru kwa kujitolea, na neno wito linaletwa hapo kufunika kila kitu.

Na mtu asiniambie mgonjwa haachwi kitandani kama abiria anavyoambiwa asubiri kesho. Najua haachwi, ndio maana namtaka huyo mtu wa akiba niliyeambiwa na rubani. Yupo! Hapa hapa mtaani kwangu wapo wasichana wawili na kijana mmoja wamemaliza uuguzi, wana usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, wanasubiri ajira mwaka wa ngapi sijui, mmoja anauza mitumba Ngamiani, mwingine yuko duka la dawa analipwa ya kula tu, na wakati huo huo mwenzao yuko wodini anafanya kazi ya watu watatu mpaka miguu inavimba. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko mshahara. Tuna uhaba na tuna wasio na kazi kwenye mtaa mmoja. California kule Marekani tangu 2004 wanatumia sheria ya kuhesabu wagonjwa kwa nesi, na siku hizi kwenye wodi ya kawaida nesi mmoja asizidi wagonjwa watano, hospitali ikizidisha imevunja sheria. Sisemi sisi tuanze na watano, hatuna uwezo huo kesho, tuanze na namba yoyote ile lakini iandikwe, ibandikwe ukutani kila wodi, na awepo mkaguzi anayetoka nje ya hospitali kama wanavyokaguliwa marubani.

Kwa mzazi anayeniuliza ampeleke wapi mtoto, na wananiuliza kweli, jibu langu ni hili. Kama mtoto ana kichwa cha hesabu na fizikia, afya njema na macho mazuri, na nyumbani mna pesa ambayo ikipotea hamtalala njaa, mpelekeni urubani, ni kazi nzuri na inaheshimiwa. Kama anataka unesi msimkatishe tamaa na wala msimwambie ni wito ili akubali kuonewa, mwambieni ni kazi, asome, asajiliwe, adai haki zake kama mtu mwenye taaluma, na akichomwa na sindano aandike ripoti siku ile ile asione aibu.

Wewe Mhariri nina ombi moja kwako. Najua mna waandishi hapa Tanga. Mtumeni mmoja azungukie hospitali na vituo vya afya, aende na Muheza, Pangani, Handeni, Kilindi huko, asiende mchana siku ya ziara ya viongozi, aende saa nane usiku. Ahesabu vitanda vyenye wagonjwa, ahesabu manesi, amuulize kila mmoja ameingia kazini saa ngapi na atatoka saa ngapi, halafu mzichape hizo namba ukurasa wa mbele bila kutaja jina la nesi yeyote wasije wakaadhibiwa.

Mzazi,
Makorora, Tanga