Tuache kuuliza kama kachi ni uongo, tuulize ringi imefungwaje

Bwana Mhariri,

Kila pambano la kachi, yaani mieleka ya maonyesho, likitangazwa hapa Lubumbashi, ubishi ni ule ule kuanzia komini ya Kenya hadi Katuba: wanapigana kweli au wanatuchezea akili? Sisi tunaofundisha vijana mchezo huu tunaomba nafasi tujibu, kwa sababu jibu la mkato, kwamba "yote ni uongo", linavunja watu shingo.

Mshindi anajulikana kabla ya kengele. Hilo si siri tena. Mwaka 1989 kampuni ya WWF, ambayo leo inaitwa WWE, ilikiri mbele ya seneti ya jimbo la New Jersey, Marekani, kwamba mapambano yake ni burudani, ili isibanwe na tume inayosimamia ngumi. Wapiganaji hupatana mwisho wa pambano na hatua chache kubwa. Mengine wananong'onezana humo humo wakiwa wamekabana vichwa, au mwamuzi anapeleka ujumbe. Ngumi ya usoni haifiki kwa nguvu unayoiona. Mlio unaousikia ni wa mguu unaokanyaga mbao. Lakini kofi la kifuani ni kofi. Halina ujanja wowote, na alama za vidole hubaki zimevimba kwenye ngozi.

Kuanguka nako ni kuanguka. Mwanafunzi wetu hagusi mwenzake kabla hajajua kuangukia mgongo. Anaanza akiwa amechuchumaa juu ya magodoro, halafu kwa kusimama, halafu ringini. Kidevu kinabanwa kifuani, macho yanatazama mkanda wa suruali. Sehemu ya juu ya mgongo, chini kidogo ya shingo, ndiyo inayopokea, kwa upana wake wote. Mikono inapiga chini wakati ule ule, viganja vikitazama sakafu, mbali kidogo na mwili, na pumzi inatolewa kwa nguvu. Kidevu kikiachia, kisogo kinapiga mbao na ubongo unatikisika. Akitanguliza makalio, uti wa mgongo unabeba uzito wote. Akitanguliza kiganja nyuma ili ajizuie, kifundo cha mkono au kiwiko kinavunjika, na hili ndilo kosa la karibu kila anayeanza, kwa kuwa mwili wenyewe unataka kujikinga hivyo. Anayebana pumzi hulala pale akitafuta hewa, na watazamaji wanashangilia wakidhani anaigiza.

Ringi ndiyo inayogawa maumivu hayo. Nzuri ina kama mita 6 kila upande na imeinuliwa karibu mita moja. Chini ni fremu ya chuma, juu yake mbao nene, juu ya mbao sponji nyembamba ya sentimita mbili au tatu, halafu turubai iliyovutwa sana. Fremu na mbao zinabonyea kidogo mtu anapoanguka, na uwazi ulio chini ndio unaotoa ule mlio mkubwa. Si ngoma iliyofichwa, kama wengine wanavyosema. Ukitandika mbao moja kwa moja juu ya sementi, hakuna kinachobonyea, na mwili ndio unaobeba yote. Turubai ikilegea, kidole cha mguu kinanasa huku goti likizunguka. Kiwanja cha udongo wakati wa mvua ni hatari ya pekee: mguu mmoja wa ringi ukizama, fremu inajipinda na mbao zinaachana katikati. Kamba huwa tatu, mara nyingi kebo ya chuma iliyopitishwa ndani ya mpira wa maji. Kabla ya pambano, mtu mzito azijaribu kwa mgongo pande zote nne, na fundi akague skurubu za pembeni na kila mahali palipochomelewa. Mji huu hauna upungufu wa mafundi wa chuma. Hakuna sababu ya ringi mbovu Lubumbashi ila mwandaaji kubana pesa, na anazibana kwa sababu anaamini ni mchezo tu.

Kunyanyuana ni kazi ya watu wawili. Anayeinuliwa anaruka mwenyewe. Akichoka au akikosea muda, anakuwa gunia, na aliyembeba hawezi kumwongoza tena. Mwaka 1997 mpiganaji wa Marekani Steve Austin alipinduliwa kichwa chini, na kichwa chake kilikuwa kimepita chini ya magoti ya Owen Hart aliyembeba. Sentimita chache tu. Alishindwa kujongea kwa muda, na shingo hiyo ndiyo iliyokuja kumtoa ulingoni mwaka 2003. Mitsuharu Misawa wa Japani alikuwa bingwa wa kuanguka, na bado alifariki Hiroshima mwaka 2009, akiwa na miaka 46, baada ya kutupwa kinyumenyume. Watoto wa mitaani wanaoiga haya kwenye lami hawana sponji wala mwenza anayejua kuruka. Wazazi, wazuieni kabisa mtindo wowote unaoelekeza kichwa chini.

Kuna pia kachi ya fetishi, yaani ya uchawi, yenye unga, moshi na mtu anayeangushwa bila kuguswa. Inavuta watu na hatuikatai. Ni sehemu ya kachi ya Kongo. Ubaya unaanza mtu anapoumia kweli halafu wenzake waseme amelogwa, wamkokote kwa mikono hadi kwa muganga. Mwamuzi akipishanisha mikono juu ya kichwa kama herufi X, maana yake maumivu si ya kuigiza. Hapo mtu asiinuliwe. Mmoja apige magoti nyuma ya kichwa na kukishika kwa mikono miwili kisigeuke. Mwingine amwulize kama anahisi vidole vya mikono na miguu, na kama anaweza kuvijongeza. Asipewe maji. Abebwe juu ya ubao mpana au mlango ulionyooka, watu wasiopungua wanne wakiinua kwa hesabu moja, na aende hospitali usiku huo huo.

Neno moja kuhusu damu. Mara nyingi inatokana na kipande cha wembe kilichofichwa kwenye plasta na kupitishwa kwenye paji la uso. Ni damu halisi, na wembe mmoja kwa watu wawili hupitisha homa ya ini na virusi vya ukimwi. Sisi tunaukataza kabisa.

Gazeti lenu linapotangaza pambano, tunaomba mwandishi wenu amwulize mwandaaji mambo mawili na ayachapishe pamoja na bei ya kiingilio: ringi imejaribiwa na nani, na ubao wa kubebea majeruhi uko wapi.

Wakufunzi wa kachi,
Komini ya Katuba, Lubumbashi