Shukrani kwa kijana fundi wa Kariakoo

Kompyuta yetu ya mezani, yenye hesabu zote za kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, iligoma kufunguka tangu ilipowekewa diski ya pili. Kwenye BIOS, ile programu ya mwanzo inayotambua vifaa kompyuta inapowashwa, haikuonekana diski hata moja. Tulishaambiwa data ndiyo basi tena, tununue mpya.

Kijana huyu hakukimbilia kuuza kitu. Alifungua kasha, akamulika kwa tochi ya simu nyuma ya diski zile za IDE (aina ya zamani, mbili hushiriki mkanda mmoja), akanionyesha: zote mbili zilikuwa na jampa, yaani kiunganishi kidogo cha pini, upande wa masta (diski ya kwanza), kwenye mkanda mmoja wa waya, kwa hiyo zinagombania njia. Akaichomoa kwa kibano jampa ya diski mpya, kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, akasoma mchoro kwenye lebo, akaihamishia upande wa slevu (diski ya pili). Diski ya zamani akaiweka mwisho wa mkanda, mpya katikati. Kuwasha, zote zikasoma! Kabla hajafunga kasha akanakili mafaili yetu kwenye flashi. Pesa alikataa, akakubali chai tu.

Mdogo wangu, hukutaka utajwe jina, nimeheshimu. Akina mama wanakuombea dua. Nanyi mafundi wenzake, tafadhali, angalieni jampa kabla hamjamwambia mteja kwamba diski yake imekufa.