Asante kaka wa kwenye basi la Morogoro
Kaka uliyekaa na mimi kwenye basi la Morogoro juzi, jina sikuuliza ila asante sana jamani. Nilishakata tamaa na kwaya yangu, muziki sijasomea na vyombo vyenyewe haba, ukanisimulia ya Armand Diangienda wa Kinshasa, rubani aliyepoteza kazi akaanzisha okestra mwaka 1994 akijifundisha mwenyewe, violini chache watu walikuwa wanapokezana, uzi ukikatika walikuwa wanafunga waya wa breki ya baiskeli! Halafu ukanishika mkono ukanionyesha kuongoza wimbo wa mapigo manne, chini, kushoto, kulia, juu, mpaka konda akawa anatuangalia. Jana mazoezini sauti ya tatu wameingia pamoja kwa mara ya kwanza, nililia. Mungu akubariki sana kaka.