Barua ya wazi kwa vijana wa usharika wetu, kabla hamjachimba kisima

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nimesikia kwenye matangazo ya Jumapili kwamba fedha ya kisima imetimia, na safari ya huduma kule chini ya Maji ya Chai itakuwa masika yakiisha. Nimefurahi sana. Vijana wa Arusha mjini kujinyima ili watu wasiowajua wapate maji, hilo ni la kumshukuru Mungu. Lakini kabla hamjakodi mtambo wa kuchimba, nisikilizeni mimi bibi yenu niliyefanya uuguzi katika vijiji vya Meru hadi nikastaafu.

Maji mengi ya ardhini pande zile yana floraidi nyingi, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano. Haina rangi, harufu wala ladha. Maji yatatoka yakimetameta, mtapiga makofi na kuimba mapambio, kumbe mmewafungulia watoto ugonjwa. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, yataota na madoa ya kahawia yasiyotoka hata asugue vipi. Ikizidi sana, mifupa nayo inaharibika, miguu inapinda. Nimewahudumia wasichana wasiocheka bila kuziba mdomo kwa pindo la khanga. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki. Hata magadi tunayotia kwenye makande yanaweza kuiongeza.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Basi nendeni kwanza RUWASA, wakala ulioanzishwa mwaka 2019 kusimamia maji vijijini, mwulize visima vya jirani vilipimwa vikakutwa na kiasi gani. Kituo cha Ngurdoto nacho kiko hukohuko, na kwa miaka mingi wamefanya utafiti wa kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Wasikilizeni hao kuliko mkandarasi anayetaka malipo yake.

Vipimo vikiwa vibaya, msione haya kubadili mpango. Mvua haina shida hiyo. Paa la bati lenye mita za mraba 100, ikinyesha milimita 10 tu, linakusanya karibu lita 1,000. Kanisa la pale lina bati, shule ina bati. Mifereji mizuri na matangi makubwa vitawapa watoto maji ya kunywa, na maji ya mto yabaki ya kufulia. Najua tangi halipendezi kwenye picha ya uzinduzi kama pampu inayotapika maji. Wekeni tangi.

Jambo la pili ni mwinjilisti wa mtaa ule. Msimpigie simu kumwambia mnakuja lini. Mwombeni awaambie njooni lini, na mkifika yeye ndiye kiongozi wenu. Anajua ukoo upi na upi wanagombania maji, nani anaaminika kushika ufunguo wa bomba, na siku gani watu wako mashambani. Kamati ya maji iundwe na kijiji chenyewe kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kushushwa, na akina mama wawemo, maana wao ndio wabeba ndoo.

Wala msiende na mwanasiasa kwenye msafara, hata akiwachangia mafuta ya gari. Sisi Wameru tuna historia. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa misioni ya Leipzig ya Ujerumani, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, hukohuko Meru. Kikosi cha Wajerumani kilikuwa kimepiga kambi karibu nao, na wazee wetu hawakuona tofauti kati ya aliyekuja na Biblia na aliyekuja na bunduki. Kisasi cha Wajerumani kilichofuata kilikuwa kikali. Watu humpima mgeni kwa aliyeongozana naye.

Nguo za mitumba acheni, soko lipo. Na meno ya watoto msiyapige picha.

Wiki hii mwombeni mwinjilisti awachotee maji katika kila chanzo wanachotumia sasa, kwenye chupa safi za plastiki, kila chupa isuuzwe kwanza kwa maji yaleyale na iandikwe jina la chanzo na tarehe. Mkiniletea baada ya ibada ya Jumapili, Jumatatu asubuhi nitakwenda na katibu wenu kuzipeleka maabara.

Bibi yenu, mzee wa kanisa