Jamani tuchangie studio yetu ya chapa, felti zimekwisha na chumba cha mabamba hakipumui

Habari zenu wapendwa, wanachama wa sasa na wa zamani, wazazi wa watoto wa darasa la Jumamosi, majirani mnaotuvumilia, na nyie mliokuja mara moja tu kwenye maonyesho mkanunua chapa mkapotea. Kamati imekaa, imebishana mpaka usiku, mwisho tumekubaliana hamna njia nyingine zaidi ya kupitisha bakuli, sasa hili ndo bakuli lenyewe. Kwa mgeni, chapa ni picha za sanaa tunazochonga au kukwaruza kisha tunazichapa kwenye karatasi. Tunaomba vitu viwili vikubwa, felti mpya (vile vitambaa vizito vya sufu) za presi yetu ya kuchapia, na feni ya kutolea hewa kwenye chumba cha mabamba, yaani tunapoandaa vipande bapa vya shaba vya kuchapia, mengine ni madogo madogo nitayataja huko mbele.

Nianze na felti maana kila nikizitaja watu wananiangalia tu. Presi wengi mnaijua, lile lichuma lenye gurudumu kubwa pembeni ambalo kila mtoto akiingia lazima aombe kulizungusha. Watu wanadhani ikishakuwa ya chuma basi kazi yote inafanywa na chuma, hapana. Msanii anakwaruza mistari kwenye bamba la shaba au anaacha kemikali iile, anapaka wino, anaufuta juu kwa kitambaa taratibu mpaka wino ubaki ndani ya mistari tu, karatasi inalowekwa maji ilainike, inalazwa juu ya bamba, halafu felti ndo zinafunika, rola inapita juu yake kwa mgandamizo mkubwa. Ule wino umejificha chini ndani ya mikwaruzo, karatasi peke yake haiufikii, felti ndo zinaisukuma izame ikauchukue. Kwa kawaida zinakaa tatu, ya chini nyembamba inafyonza maji na gundi inayotoka kwenye karatasi, ya kati nene na laini, ya juu imefumwa kwa kukaza ndo inapambana na rola. Zote ni sufu.

Sasa za kwetu zimekuwa ngumu kabisa. Gundi ya karatasi imezigandia, tumezifua tumezifua mpaka zimechoka, kingo zimeliwa, na ile ya kati ina sehemu imebonyea ikawa nyembamba kwahiyo kila chapa inayotoka ina doa lililopauka palepale, mtu amekaa wiki nzima anachora anga na mawingu yake halafu anatolewa shimo katikati ya anga. Kuna wenzetu wamejifunza kuweka kitu kisicho cha maana mahali pa doa, mmoja anaweka ukuta mtupu kila picha. Ni ubunifu sawa lakini jamani hatuwezi kuishi hivyo. Na kabla hujaniuliza, ndiyo, tumeshaambiwa tuweke blanketi la kawaida la kitandani. Blanketi la kawaida linateleza, linakunjamana, na mfumo wa nyuzi zake unajichapa kwenye karatasi.

Wengine wanasema si mchape tu kwa mkono. Kweli, na ndo tunavyowaanzishia wanafunzi wote, unachonga lino (lile tandiko la sakafuni linalochongeka) au ubao, unapitisha rola ya wino juu, unaweka karatasi, unasugua kwa mgongo wa kijiko, picha inatoka safi. Wajapani walichapa hivyo miaka na miaka kwa kile kisuguzi chao cha duara kinachoitwa bareni, hata ile chapa maarufu ya wimbi ya msanii wao Hokusai ya yapata 1831 halikupita kwenye presi yoyote. Lakini hiyo ni kwa chapa za kuchonga, ambako wino unakaa juu ya sehemu iliyobaki. Bamba la shaba ni kinyume chake, wino uko chini, hapo kijiko hakifiki hata usugue mpaka mkono uote malengelenge. Bila presi inayofanya kazi sawasawa, nusu ya kazi ya studio inakufa, na ndo nusu ambayo mtu hawezi kuifanya nyumbani kwake.

Na hili ndo naomba mlishike kuliko yote. Presi si kitu cha mtu mmoja. Ni nzito, ni ghali, inakula nafasi ya chumba kizima, na msanii mmoja anaitumia saa chache tu kwa wiki. Ndo maana tangu zamani wachapaji wanakusanyika. Mexico mwaka 1937 wasanii walianzisha karakana ya pamoja, Taller de Gráfica Popular, wakawa wanachapa mabango ya wafanyakazi na wakulima. New York, mchapaji Robert Blackburn alifungua ya kwake miaka ya 1940, akawaachia watu mlango wazi waje wachape. Afrika Kusini pale kwenye kituo cha sanaa cha Rorke's Drift ndo aliposoma John Muafangejo, yule wa chapa nyeusi na nyeupe za lino ambazo ndani ya picha kachonga na maneno kabisa, anasimulia. Fikiria kuchonga sentensi nzima kwa kinyume ili ikichapwa isomeke! Watoto wetu wa Jumamosi majina yao tu wanayatoa yamegeuka kila wiki na wanacheka wenyewe. Kwahiyo anayesema kila msanii ajinunulie presi yake, namheshimu, ila hajawahi kuibeba.

Haya, feni. Chumba cha mabamba kina dirisha moja dogo na ndani yake tunafanya mambo ambayo mapafu hayayapendi. Shaba tunaiacha iliwe na kloridi ya chuma, ile dawa ya kahawia inayotia doa kila kitu mpaka kucha, hiyo ina nafuu kuliko asidi ya naitriki inayotoa moshi mbaya, na ya naitriki tulishaacha zamani. Ila bado kuna vumbi la ulimbo, ule unga wa utomvu wa msonobari unaonyunyizwa juu ya bamba ukayeyushwa kwa moto ili upate vivuli laini, na vumbi lile likiingia kifuani si mchezo, mwenye pumu ndo kabisa asisogee. Kuna na vanishi, kuna na spiriti ya kutolea vanishi. Wino tumeshaanza kusafisha kwa mafuta ya kupikia halafu sabuni badala ya tapentaini, imesaidia sana, harufu imepungua nusu, lakini huwezi kuosha kila kitu kwa mafuta ya kupikia. Tunataka feni inayovuta hewa ya ndani na kuitoa nje, ikae nyuma ya meza ya kazi ili hewa chafu isipite usoni kwa mtu kwanza. Feni ya kuzungusha hewa tunayo tayari, asanteni mlioileta, ile inasambaza tu vumbi chumba kizima kwahiyo tumeipeleka upande wa galari.

Na hapohapo, ndoo ya chuma yenye mfuniko, moja au mbili. Matambara yenye mafuta ya kitani yakirundikwa pamoja yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila mtu kugusa kiberiti, sitanii. Sasaivi tunayatandaza nje moja moja yakauke, mvua ikinyesha inakuwa kazi nyingine.

Upande wa skrini, wale wanaochapa kwa kusukuma wino upite kwenye kitambaa cha wavu, hatuombi kitu, wako vizuri, wana fremu zao, wana skwiji zao za kusukumia wino, wanachapa fulana za timu na mabango ya misiba na harusi na hela yao ndo inalipa umeme. Nawasifia hapa hadharani maana kwenye vikao huwa wanasemwa kwa kumaliza maji.

Sasa tunachangaje. Hatutaki mtu atoe aondoke mikono mitupu. Wasanii 12 wamekubali kila mmoja achape nakala 40 za picha moja, saizi moja ya karatasi, na kila atakayechangia kuanzia kiwango kilichoandikwa kwenye fomu atachagua chapa moja, akichangia kiwango cha seti nzima anapata zote 12 kwenye bahasha ya kitambaa iliyoshonwa na akina mama wa darasa la jioni. Na niseme hili kwa faida ya aliyeniuliza kama anapewa fotokopi. Hupewi fotokopi. Kila nakala imepakwa wino upya kwa mkono na kupita kwenye presi peke yake, kwa hiyo kila moja ni kazi halisi, ndo maana chini yake kuna penseli, kushoto namba kama 7/40 maana yake ni nakala ya saba kati ya arobaini, kulia sahihi ya msanii. Ukiona A/P badala ya namba, hizo ni chache anazobaki nazo msanii mwenyewe, usimsumbue. Zikishatoka 40, bamba linachorwa mstari kukatisha picha, na lino hivyohivyo, hakuna kuchapa tena kimyakimya, tutafanya mbele yenu.

Halafu siku yenyewe ya harambee, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, kutakuwa na kitu ambacho mimi binafsi sijalala nikikiwaza. Tutachapa kwa rola ya barabara! Ndiyo, ile ya kushindilia lami. Vikundi vinachonga plywudi nzima nzima, tunazilaza chini mbele ya studio, tunapaka wino kwa rola kubwa, tunatandika kitambaa cheupe, juu yake mablanketi (hapa sasa la kitandani linafaa, leteni), juu yake ubao, halafu rola inapita polepole mara moja kwenda na mara moja kurudi. Kitambaa kikiinuliwa ndo mtasikia kelele. Studio za nchi nyingine wanafanya na inafanya kazi. Rola tumeahidiwa na fundi mmoja wa barabara ambaye hataki kutajwa, anachotaka ni mafuta ya dizeli tu na mwanae achonge ubao mmoja. Vitambaa vitanadishwa palepale vikiwa bado vibichi, kwahiyo usije na nguo nyeupe halafu ukatulaumu.

Galari itakuwa wazi siku hiyo tangu asubuhi. Tumeondoa fremu za vioo maana zilikuwa zinang'aa mtu anajiona mwenyewe badala ya picha, chapa zitaning'inizwa kwa vibanio na sumaku, unaisogelea unaona hadi alama ya bamba ilivyozama kwenye karatasi. Chapa za watoto ziko urefu wa macho ya watoto, watu wazima wainame.

Asiye na hela asijifiche, kuna mengi. Karatasi nzuri ya pamba kama unayo imekaa, hata mabaki. Patasi za zamani, tutazinoa. Magazeti ya kutandika. Shuka kuukuu za pamba za kufutia wino, za pamba tafadhali, zile za poliesta hazinywi wino zinausambaza. Muda wako pia, tunahitaji watu wa kulowesha karatasi na watu wenye mikono misafi, hawa ni muhimu kweli, mmoja anashika wino na mwingine asiguse kabisa, kazi yake ni karatasi tu siku nzima.

Michango ipokelewe na mweka hazina peke yake, pale mezani kwake siku za darasa, taslimu au kwa simu, na usiondoke bila risiti hata kama umetoa kidogo. Namba haitaandikwa hapa, ipo kwenye fomu iliyobandikwa mlangoni, mkiona namba nyingine inazunguka kwenye magrupu msitume. Kila Jumatatu karatasi ya mapato na matumizi inabandikwa palepale chini ya fomu. Felti ndo zinanunuliwa kwanza, feni inafuata, ikizidi tunanunua rafu ya kukaushia, isipofika hata felti tutaita kikao tuwaulize nyie wenyewe mliotoa, kamati haitaamua peke yake. Wanaotuazima ngazi za kutundikia, andikeni majina chini ya ngazi, kuna moja iko stoo tangu maonyesho yaliyopita na hakuna anayejua ni ya nani.