Faili lako la mvua limefunguka lote

Umoja, Nairobi

Mpendwa rafiki,

Salamu nyingi. Huku kumenyesha tangu alasiri na stima zimepotea, kwa hivyo nakuandikia kompyuta ikiwa kwenye betri. Nimeshindwa kungoja kesho: faili lako la vipimo vya mvua sasa linafunguka lote.

Uliniuliza mbona maktaba yetu ya programu inafungua faili zilizobanwa kwa gzip tu, ilhali wewe unabana rekodi zako kwa njia nyingine, Zstandard, ili bando lisikuishie mapema. Swali hilo lilinikaa moyoni, nikaanza kuiongeza Zstandard. Gzip ni ya 1992 na imetufaa sana, ila ikitafuta yanayojirudia ili iyafupishe haiangalii nyuma zaidi ya kilobaiti 32. Zstandard aliyoibuni Yann Collet, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka 2016, huangalia mbali zaidi, na kufungua kwake ni haraka mno.

Kuitambua kulikuwa rahisi. Fremu yake, yaani fungu moja la data iliyobanwa, huanza kwa baiti nne, 28 B5 2F FD. Sasa nazijua kama namba ya simu ya mama. Majaribio yangu yote yakapita. Kisha nikaweka faili lako: vipimo vya mwezi mzima, nikapata vya siku moja! Wala hakukuwa na ujumbe wowote wa kosa. Saa nane usiku ndipo nilipoelewa. Kifaa chako huongeza fremu mpya kila jioni mwishoni mwa faili, na msimbo wangu ulikuwa ukimaliza fremu ya kwanza unadhani kazi imekwisha. Fomati inaruhusu fremu kufuatana, kwa hivyo kosa lilikuwa langu, na liliniuma. Afadhali programu ikatae kabisa kuliko kumpa mtu sehemu ya kazi yake akiamini ni nzima.

Limebaki suala la kumbukumbu ya kifaa, yaani RAM. Kila fremu hutangaza nafasi inayohitaji, na mtu mbaya anaweza kutaja kubwa ajabu ili simu ya mwenzake ikwame. Mwenzetu anayehakiki msimbo wangu anataka kikomo kiwe megabaiti 128, kama ilivyo kwenye zstd, programu ya Zstandard yenyewe. Mimi nashikilia 8, kwa ajili ya simu kama yako.

Tafadhali nitumie faili la Aprili, lile refu, kabla ya Ijumaa. Sitaki msimbo uunganishwe kwenye maktaba kabla sijahesabu siku zote 30.

Wasalimie nyumbani.

Mimi rafiki yako